Shabaha za Mataifa na Daftari Letu

(Maneno ya katekista mmoja kwa walimu na Wakristo wa parokia zetu, siku ya jubilei)



Siku ya jubilei watu huhesabu miaka iliyopita na kazi zilizotendeka. Mimi nimeagizwa niseme juu ya hesabu nyingine, ile ambayo mataifa ya dunia yaliiandika ili kupunguza umaskini. Sitawachosha, maana neno langu ni moja tu.

Mwezi wa Septemba mwaka 2000 wakuu wa mataifa walikutana New York, katika Umoja wa Mataifa. Katibu Mkuu siku zile alikuwa Kofi Annan, mtu wa Ghana. Wakatoa ahadi, na katika ahadi ile zikatoka shabaha nane za kufikiwa mwaka 2015. Ya kwanza ilikuwa kupunguza kwa nusu sehemu ya watu walio fukara kabisa na wenye njaa. Ya pili, kila mtoto, wa kiume na wa kike, amalize shule ya msingi. Zilizobaki zilihusu haki ya wanawake, vifo vya watoto wadogo, akina mama wazaao, maradhi kama UKIMWI na malaria, utunzaji wa nchi na maji, na ushirikiano wa mataifa.

Je, zilifaa kitu? Naam, zilifaa. Mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2015 walikuwa wapata milioni 6. Chanjo na vyandarua vyenye dawa vilifanya kazi kubwa, na Tanzania yetu ni mojawapo ya nchi zilizofikia shabaha hiyo. Wako hapa mbele yangu vijana ambao pengine tungaliwazika wangali wachanga.

Walakini shabaha ya kwanza yatupa funzo. Nusu ile ilifikiwa mwaka 2010, miaka mitano kabla ya wakati wake, watu wakafurahi. Lakini sehemu kubwa ya waliotoka katika ufukara walikuwa watu wa China; Afrika ya kusini ya Sahara haikufika. Hesabu ya wote ilikuwa njema, na huku wengine wamebaki pale pale.

Sasa niseme habari zangu mwenyewe. Serikali ya Tanzania iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2001, watoto wakafurika. Miaka ile nilikuwa mwalimu kijana, nikapewa darasa ambalo wengine waliketi sakafuni kwa kukosa madawati. Alikuwako binti mmoja, mwepesi wa hesabu kupita wenzake. Siku moja hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Nami katika daftari la mahudhurio nikaandika kwamba yupo. Kwa nini? Niliona haya darasa langu lionekane limepungua, tena nilijua ruzuku ya shule hutolewa kwa idadi ya wanafunzi. Nikaandika hivyo muhula mzima.

Mwishowe nikakutana na shangazi yake sokoni. Akaniambia, “Mwalimu, mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, mtoto ndiye aliyechota maji na kulea wadogo zake. Tulingoja uje kumwuliza, hukuja. Sasa amekwisha kuolewa.” Sikuwa na jibu. Mtendaji wa kijiji hakumtafuta, mratibu wa elimu wa kata hakumtafuta, kwa kuwa katika karatasi zao alikuwa darasani anasoma. Ndugu zangu, aliyeandikwa yupo hatafutwi.

Hesabu ya daftari langu ikaenda kwa mwalimu mkuu, ikaenda wilayani, ikaenda hata taifani, na hesabu za mataifa ndizo zisomwazo New York. Basi katika furaha ya mataifa juu ya watoto waliojaa shuleni, uongo wangu nao ulikuwamo, mdogo kama punje ya ulezi, walakini ulikuwamo.

Tarehe 25 Septemba 2015 mataifa yalikubali shabaha mpya 17 za kufikiwa mwaka 2030. Safari hii hayakusema nusu. Yalisema ufukara uliokithiri ukome kabisa, wala asiachwe mtu nyuma. Tena haitoshi mtoto aandikishwe shule, yataka ajifunze. Na katika shabaha ya 16 limo neno ambalo wengi hawaliangalii: kila mtu atambulikane kwa sheria, na kila mtoto aandikishwe kuzaliwa kwake.

Mwendo si mwema. Maradhi ya korona ya mwaka 2020 yaliwarudisha wengi katika ufukara. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema ya kuwa, katika makusudi yaliyoweza kupimwa, 17 tu katika kila 100 ndiyo yaliyo katika njia iliyo sawa.

Basi, tufanyeje? Fedha za mataifa hazimo mikononi mwetu, bali kalamu imo. Mwalimu, aliyekosekana umwandike amekosekana, kisha umwendee nyumbani kwao. Mzazi, mtoto akizaliwa umtafutie cheti chake mapema. Viongozi wa jumuiya, mjue nyumba ipi haikupika jana, wala msione haya kuitaja mbele ya wakubwa. Mfugaji arudipo jioni husimama mlangoni pa zizi akahesabu. Akikosa ng'ombe mmoja hasemi, “Waliobaki ni wengi.” Hutwaa fimbo yake akarudi njiani kungali na mwanga.

Binti yule yu hai, naye ni mama wa watoto wanne. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, akanikaribisha uji. Mtoto wake mdogo yumo katika darasa langu la mafundisho. Kila niitapo jina lake, nangoja nisikie sauti yake, ndipo niandike.