Vita Vilitukutanisha, Ugomvi Usiturithishe

Hotuba ya afisa wa uwanjani katika mkutano wa familia zilizohamishwa na viongozi, Baraka



Wengi tulio hapa tulikuwa hatujuani. Vita ndivyo vilivyotukutanisha. Jambo hili si jipya huku Fizi.

Mwaka 1964 waasi wa Simba, wakisaidiwa na nchi za kikomunisti, walitangaza Jamhuri ya Watu kule Stanleyville, Kisangani ya leo. Utawala ule ulianguka mwaka huohuo, lakini Fizi na Baraka zikabaki ngome yao. Mwaka 1965 walikutana hapa kandokando ya ziwa watu wa kila namna: wapiganaji Babembe, wakimbizi kutoka Rwanda, na Wakuba zaidi ya 100 pamoja na Che Guevara, aliyeitwa Tatu. Jeshi la serikali na mamluki wake lilipoteka Baraka, ngome ikavunjika. Novemba Wakuba walivuka ziwa kwenda Kigoma. Wenyeji walibaki.

Ndugu zangu, hapa ndipo tusikilize vizuri. Waasi waliosalia walipanda nyanda za juu, wakiwa na njaa. Walichukua ng'ombe za Banyamulenge. Wafugaji wengi wakaungana na jeshi la serikali. Damu ikamwagika pande zote mbili. Walioleta silaha na mafundisho walikuwa wameshakwenda, ugomvi ukabaki kwa majirani. Leo mtoto ambaye baba yake hakuwa amezaliwa mwaka 1965 anausimulia kama wake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, ng'ombe wakiibwa, chefu wa kijiji asikubali jibu la "ni kabila fulani". Aulize: ni nani, lini, wapi? Mwizi ana jina lake.

Pili, mtu aliyefika usiku na watoto wake asiitwe adui kabla hajasikilizwa. Apewe pa kulala, kisha wazee wamuulize mchana, mbele ya watu.

Tatu, wazee wetu wasimulie habari za miaka ile wakiwa pamoja, Mubembe na Munyamulenge, Mufuliiru na Munyindu. Kila upande ukisimulia peke yake jioni nyumbani kwake, vijana watasikia hasara yao tu. Tukikaa pamoja, watasikia pia kilio cha jirani.

Wageni wa 1965 walikuwa na mashua ya kuondokea. Sisi tutabaki hapa, na watoto wetu watachota maji mahali pamoja.