Tazama tundu, si kasi

Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida, Marekani. Mapaa mengi yaling'oka. Wakaguzi walikuta misumari iliyopigwa ikakosa kenchi.

Leo mpwa wangu ni fundi huko. Ameniuliza anunue bunduki ipi ya misumari, ile ya upepo wa kompresa, ya kufungia vyuma vinavyoshika kenchi ukutani.

Muuza duka atamsifia kasi. Mimi nasema atazame ncha. Bunduki ya kawaida hupiga kwa kubahatisha. Msumari ukigonga chuma pembeni mwa tundu, waweza kuruka ukamdhuru. Inayofaa huacha ncha ya msumari ichungulie nje. Fundi huiingiza kwanza tunduni, ndipo anafyatua.

Pili, apime msumari: unene na urefu uwe ule uliotajwa na mtengenezaji wa chuma. Msumari mwembamba huziba tundu, lakini haubebi mzigo uliokusudiwa.

Bunduki hiyo ikimshinda bei, nyundo yatosha. Ila kabla ya dari kupigwa, mwenye nyumba apande ngazi, ahesabu matundu. Tundu tupu chini ya dari, mkaguzi wake ni upepo.