Mwanamke wa Kisimani na Macho ya Watoto Wetu

Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka A
Injili: Yohane 4:5–42



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja tuliyoihudumia, tuliwaomba watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza waigize Injili ya leo. Msichana wa miaka kama kumi alipewa nafasi ya mwanamke Msamaria. Alitokea amejipaka rangi ya mdomo, anatafuna bigijii, anazungusha kiuno, na ndoo inaning'inia mkononi. Wenzake walicheka hadi machozi. Nasi, tukiri, tulicheka. Baadaye tulimwuliza ni nani aliyemfundisha kutembea vile. "Hakuna, Baba," alijibu. "Mwanamke mbaya ndivyo alivyo kwenye televisheni."

Kicheko kilitutoka. Kwamba mwendo ule aliupata kwenye televisheni halikuwa jambo la kutushangaza. Lililotuchoma ni neno "mbaya". Hilo televisheni haikumfundisha, kwa maana haijapata kumwonyesha Msamaria huyu. Alilisikia kanisani, katika mahubiri yetu wenyewe.

Tuisome basi Injili yenyewe. Ni kweli kwamba mama huyu amekwisha kuwa na waume watano, na aliye naye sasa si mumewe. Lakini Mwinjili hasemi kama waume wale walikufa au walimwacha. Katika Sheria ya Musa, ambayo Wasamaria nao waliishika, mume ndiye aliyeandika hati ya talaka. Yesu anaitaja hali yake bila kumkemea wala kumdhihaki. Kisha anaongea naye kwa kirefu juu ya kumwabudu Mungu katika roho na kweli, na anamfunulia kwamba yeye ndiye Masiya. Wanafunzi wanaporudi wanastaajabu kumkuta anazungumza na mwanamke. Naye anauacha mtungi wake, anakwenda mjini, na Wasamaria wengi wanaamini kwa ajili ya neno lake. Hayo yote yameandikwa. Sisi wahubiri tumeyapita mbio, tukasimama kwenye wale waume watano.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, katika homilia yake moja, alimhesabu Maria Magdalena kuwa ndiye yule mkosefu aliyempaka Yesu miguu marhamu katika Injili ya Luka. Injili haisemi hivyo. Hata hivyo wachoraji na wahubiri wa Magharibi walimchora na kumsimulia hivyo kwa karne nyingi, mpaka shahidi wa kwanza wa Ufufuko akajulikana zaidi kwa dhambi isiyokuwa yake. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu. Tazameni jinsi picha moja ya mwanamke, ikirudiwa mara nyingi, inavyoweza kuishi muda mrefu.

Ikiwa ndivyo kwa picha ya ukutani, tuseme nini juu ya ile inayotembea? Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, na wakati ule majirani walikusanyika katika sebule moja. Leo simu ya kiganjani inaingia na mtoto chini ya shuka. Anaona video ya muziki ambamo mwanamume mmoja anaimba na wasichana sita wanacheza nyuma yake bila kutamka neno. Anaona tangazo la sabuni: mama anafua, baba anasifu weupe wa shati. Katika tamthilia, mke wa kwanza analia, mke wa pili ana hila. Mvulana aketiye karibu na dada yake anatazama hayo hayo, naye anajifunza msichana ni wa nini.

Wazazi wengi hutuuliza kama wazime. Pengine ni lazima kuzima, hasa kwa wadogo. Lakini mtoto aliyezimiwa nyumbani ataangalia kwa jirani, na huko hatakuwa na wa kumwuliza. Mama Kanisa ameliona jambo hili: Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 1996 ilihusu nafasi ya wanawake katika vyombo hivi, na ile ya mwaka 2007 ikawahusu watoto na malezi yao. Malezi maana yake ni kuketi naye. Mwulize: kati ya hawa, nani anasema na nani anatazamwa tu? Mbona mama huyu hana jina? Shangazi yako auzaye samaki sokoni na kuwasomesha wanawe, umewahi kumwona mtu kama yeye humu? Mwacheni ajibu mwenyewe. Msimhubirie, kazi hiyo tuachieni sisi, ambao tumeshaikosea vya kutosha.

Baba mmoja alitulalamikia kwamba simu imemharibu bintiye. Tulikuwa mezani kwake. Binti yule aliingia mara tatu: kutunawisha mikono, kuleta chakula, kuondoa vyombo. Kaka yake alikuwa ameketi nasi. Baba hakulitaja jina la binti hata mara moja, alisema, "Wewe, maji." Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile. Tunamwambia leo, kama anasikiliza.

Kwaresima ya mwaka uliofuata tuliwarudia watoto wale. Safari hii katekista, mama mwenye busara kutuzidi, aliwasomea Injili yote kabla ya maigizo, polepole, akawauliza mwanamke huyu alifanya nini mwishoni. Msichana yule yule aliomba nafasi yake tena. Alizungumza na Yesu ana kwa ana, akaweka ndoo chini, kisha akakimbia kati ya mabenchi hadi mlangoni, akiwaita watu waliokuwa nje waje. Wawili watatu waliingia kweli, wakidhani kuna jambo limetokea.