Baada ya Upepo Kutulia: Paa, Umeme na Siku za Kwanza katika Pwani ya Kusini

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa baada ya taarifa kuhusu kimbunga Hidaya, kilichokuwa kikisogea kutoka Bahari ya Hindi kuelekea kisiwa cha Mafia. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari, wavuvi wakaonywa wasiende baharini, na habari ikafika vijijini kwa redio na simu. Jumamosi ya tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu, na baada ya kugusa nchi kavu kikasambaratika. Kazi ya kutoa tahadhari ilifanyika vizuri, na walioifanya wanastahili shukrani.

Hesabu ya Hidaya, hata hivyo, haikufungwa siku ile. Mvua zake ziliikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na safari za barabara hiyo kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara zikasimama. Tarehe hiyohiyo 4 Mei gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Mabati, misumari, nguzo za umeme na dawa zinazokwenda kusini hutegemea sana barabara hiyo.

Mada hii inahusu siku zinazofuata kimbunga. Pwani imeanza kujua namna ya kukisubiri kimbunga, lakini haijajipanga kuishi na kile ambacho kimbunga huacha. Mambo mawili ndiyo huamua familia itasimama tena lini: paa lake na umeme wake. Yote mawili yanaweza kuandaliwa kijijini, na watu waliopo, kabla ya msimu kuanza.

Wapo watakaosema kuwa vimbunga ni habari za Madagaska na Msumbiji. Ni kweli kwamba karibu na ikweta vimbunga havijengeki kwa urahisi, na kisiwa cha Madagaska hupokea vingi kabla havijafika kwetu. Lakini kumbukumbu zipo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Tangu hapo Pemba, ambako madhara yalikuwa madogo zaidi, ndiyo ikawa shina la karafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia kwenye pwani ya Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, baada ya kupita karibu na kisiwa cha Ngazija, kiliingia Cabo Delgado nchini Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara, na taarifa za wakati ule zilisema takriban asilimia 90 ya nyumba za kisiwa cha Ibo zilibomoka au kuharibika. Desemba 2024 kimbunga Chido kiliivuruga Mayotte, kisha siku iliyofuata kikapiga Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba wa Msumbiji. Wakazi wa maeneo hayo ni ndugu wa pwani hii kwa lugha, dini na biashara ya majahazi, na aina za nyumba zao ni hizihizi: udongo na miti, matofali ya saruji, makuti na bati.

Basi tuanze na paa. Watu wengi hudhani upepo huliangusha kwa kulisukuma. Kwa kweli hulivuta. Upepo unaopita kwa kasi juu ya nyumba hulinyanyua paa, na nguvu hiyo huwa kubwa zaidi kwenye kona na kwenye ukingo unaotokeza nje ya ukuta. Kasi ikipanda kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu haiongezeki mara mbili. Inakuwa mara nne. Dirisha au mlango wa upande wa upepo ukipasuka, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukilivuta kutoka juu. Hapo nyumba iliyokuwa imestahimili kwa saa nzima huweza kuvuliwa paa kwa dakika moja.

Fundi anayejua kazi yake hutazama maungio. Bati limeshikwa kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye lenta au ukuta, na ukuta kwenye msingi. Paa huondoka pale ungio moja linapokuwa dhaifu kuliko mengine, na katika nyumba nyingi za pwani udhaifu huo uko mahali pasipoonekana: kenchi imekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu, au imeshikwa na msumari mmoja uliopigwa mshazari. Ukanda wa chuma uliozungushwa kwenye kenchi na kushikizwa ndani ya lenta gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya bati moja. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia mwenye nyumba auombe, kwa sababu jirani akija kutazama nyumba mpya husifia rangi ya bati wala hapandi darini kukagua kenchi. Bati lenyewe nalo lina mambo yake: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, na kwenye upepo mkali bati jembamba hupasuka kuzunguka kofia ya msumari, likaondoka na kuuacha msumari mahali pake.

Makuti yana sifa tofauti. Huraruka mapema, na familia hubaki wazi kwenye mvua. Lakini yakiruka hayaui, ilhali bati lililong'oka hukata mtu vibaya sana. Ndiyo maana baada ya dhoruba watoto hawafai kuachwa wakimbilie nje kuokota mabati.

Pepo zikishatulia, pupa ya kupanda juu ya nyumba huwa kubwa, hasa mawingu yakionyesha mvua nyingine. Papara hiyo huvunja watu miguu na viuno. Paa lililotikiswa huweza kuonekana zima wakati kenchi imeshateguka. Kuta za udongo zilizolowa nazo ni hatari ya kimyakimya: hubaki zimesimama siku ya kwanza, kisha huporomoka baadaye, wakati familia imesharudi kulala ndani. Ukuta ulioinama, wenye ufa mpya au uliovimba chini haufai kulaliwa chini yake, hata kama mlango bado unafunga vizuri. Turubai likipatikana, kulitandika juu hakutoshi. Lipitishwe juu ya mgongo wa paa lianguke pande zote mbili, kingo zake ziviringwe kwenye ubao na ubao ndio upigiliwe misumari, maana kitambaa kilichopigiliwa kitupu huchanika upepo wa kwanza. Na kabla ya chochote kuhamishwa, simu yenye chaji ipige picha za kila upande. Kamati za maafa hufanya tathmini siku nyingi baadaye, wakati uthibitisho umeshafagiliwa.

Umeme unahitaji uvumilivu mkubwa zaidi. Waya ulioanguka huweza kuwa kimya na mtaa mzima uko gizani, lakini mafundi wa shirika la umeme wanaweza kurudisha umeme kwenye njia hiyo wakati wowote bila kujua kuwa kuna waya umelala kwenye dimbwi. Kila waya uliolala chini uhesabiwe kuwa una umeme, mtu awekwe kuzuia wapita njia, na taarifa ipelekwe. Ndani ya nyumba, swichi kuu izimwe kabla umeme haujarudi. Soketi zilizoingiwa na maji, nyaya zilizopita darini ambako paa limevuja, na mita iliyolowa vyote vikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni. Furaha ya kusikia mtaa ukishangilia umeme umerudi imewahi kuanzisha moto ambao dhoruba yenyewe haikuuwasha.

Jenereta zinastahili maneno yake. Mwenye jenereta akiichomeka kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima bila kujitenga na njia ya shirika, umeme wake hutoka nje kupitia mita, ukafika kwenye transfoma, na transfoma ikaupandisha hadi maelfu ya volti kwenye njia ya juu. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini njia imezimwa, hufa kwa umeme wa jenereta hiyo. Hatari ya pili haina harufu. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo humlewesha mtu aliyelala na kumuua bila kumwamsha. Kimbunga Laura kilipopiga jimbo la Louisiana, Marekani, Agosti 2020, vifo vingi vya mwanzo vilitokana na gesi hiyo ndani ya nyumba zilizokosa umeme. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa sababu nje kunanyesha hutoa gesi hiyohiyo, na katika nyumba zetu mkaa ni wa kila siku kuliko jenereta.

Giza likikaa muda mrefu, madhara hubadilika sura. Zanzibar inalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi duniani, ingawa chanzo hakikuwa dhoruba. Mei 2008 njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari ilipata hitilafu, na Unguja ikakaa bila umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ikatokea tena, safari hii hadi Machi 2010. Mabomba yalikauka kwa sababu pampu za visima zinaendeshwa na umeme. Wachomeleaji, mafundi cherehani wa mashine za umeme na wauza vinywaji baridi walipoteza saa zao za kazi, na pamoja nazo kipato. Mchumi Alfredo Burlando alichunguza tukio la 2008, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 alionyesha kuwa watoto waliokuwa katika miezi ya mwanzo ya mimba wakati wa giza lile walizaliwa wakiwa na uzito pungufu. Mwezi mmoja wa baba kukosa kazi ulionekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi miezi kadhaa baadaye.

Puerto Rico ilionyesha jambo lilelile kwa ukubwa wa kutisha. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa hicho tarehe 20 Septemba 2017, na kurudisha umeme kwa wateja wa mwisho kulichukua takriban miezi 11. Idadi rasmi ya vifo ilikuwa 64. Baadaye Chuo Kikuu cha George Washington, kwa kazi iliyoagizwa na serikali ya kisiwa, kilikadiria vifo 2,975 vilivyozidi kawaida ndani ya takriban miezi sita. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wazee na maskini, kundi ambalo mara nyingi halina jenereta wala ndugu mwenye gari.

Ndiyo maana mgonjwa awe wa kwanza kuulizwa mtaani. Nani anatumia insulini? Nani anategemea mashine ya kupumulia? Insulini iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kasha, mara nyingi nyuzi 25 au 30. Pwani huzidi hapo. Mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mwingine mkubwa, katikati pakajazwa mchanga wenye maji, huweza kupunguza joto kiasi. Chakula ni rahisi zaidi: friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa kwa siku mbili. Samaki wa mvuvi aliyekosa barafu wakaangwe, wabanikwe au wapigwe chumvi siku hiyohiyo. Maarifa hayo pwani ilikuwa nayo kabla ya friji.

Maji hayasubiri. Baada ya kimbunga Idai kuubomoa mji wa Beira katikati ya Machi 2019, kipindupindu kilitangazwa kabla mwezi haujaisha, na mwanzoni mwa Aprili kampeni ya chanjo iliyofikia zaidi ya watu 800,000 ikaanza. Kisima kilichofunikwa na mafuriko si kisima tena mpaka kisafishwe na kutiwa dawa. Na kwa kuwa fedha za familia nyingi zimo ndani ya simu, minara ya simu ikizimika hata mwenye salio hawezi kununua ndoo ya maji. Noti chache za kutunza nyumbani msimu wa vimbunga, ambao kwa kawaida huanza Novemba, ni akiba ya lazima.

Yanayobaki ni ya uongozi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, na kazi ya kuzipa ni hii: kuandika, kabla ya Novemba, majina ya mafundi seremala na wa umeme waliopo, wagonjwa wanaotegemea friji au mashine, nyumba imara zinazoweza kupokea majirani, na njia ya umeme inayolisha pampu ya maji. Orodha hiyo impe meneja wa shirika la umeme wa wilaya sababu ya kuanza na pampu na zahanati kabla ya mtaa wa maduka. Shirika nalo liweke nguzo na nyaya za akiba kusini ya Somanga, kwa kuwa barabara imeshaonyesha inakatikia wapi.

Limebaki suala la gharama ya ukaguzi wa nyaya za ndani. Familia iliyopoteza paa haina fedha ya kumlipa fundi mwenye leseni, na bila ukaguzi itawasha umeme hivyohivyo. Mada hii inapendekeza halmashauri za Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara zitenge fungu la ukaguzi huo katika bajeti zao za maafa, na mafundi walipwe kwa kila nyumba waliyoikagua ndani ya siku kumi za kwanza.