Mashine Ipange, Mtafiti Asikilize

Leo kipindi chetu cha elimu kinawahusu vijana wanaofanya utafiti mashuleni. Je, akili mnemba inafaa kuchambua maneno ya wazazi na walimu?

Tuchukue jambo linalotugusa sote. Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo inatekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyoagiza. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anataka kujua wazazi wanauonaje mpango huo. Anawahoji, anarekodi, anaandika mazungumzo yote, kisha anayapanga kwa mada: michango, msongamano darasani, mishahara ya walimu.

Kazi hiyo ni ndefu, na mashine inaweza kuipunguza. Whisper, programu iliyotolewa mwaka 2022, hugeuza sauti kuwa maandishi, hata ya Kiswahili. Ila katika saa 680,000 za sauti ilizofunzwa nazo, lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu. Kiswahili chetu, chenye Kifaransa katikati ya sentensi, kinaweza kuipiga chenga.

Tuseme mama anaulizwa kuhusu minervali, yaani ada ya shule. Anacheka kidogo, anajibu: "Aa, masomo ni ya bure, njo vile banasema!" Mashine inayopanga majibu kwa mada inaweza kumweka kwenye kundi la walioridhika. Aliyekaa naye amesikia kile kicheko, anajua mama analalamika.

Kwa hiyo, ndugu watafiti, sikilizeni rekodi zenu wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Chambueni mahojiano machache kwa mkono kwanza, ndipo mlinganishe na kazi ya mashine. Futeni majina ya watu na shule kabla ya kuingiza maandishi kwenye programu, maana mara nyingi yanakwenda kuhifadhiwa na makampuni ya mbali. Na mzazi aelezwe hilo kabla hajakubali kurekodiwa. Kila nukuu ya tasnifu ihakikishwe kwenye rekodi, kwa sababu programu hizi huweza kutunga maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Nanyi maprofesa, msikubali uchambuzi ambao mwanafunzi hawezi kuutetea kwa sauti ya aliyehojiwa. Mzazi aliyetoa muda wake anastahili kueleweka alivyokusudia.