MAGOTI YA MFANYA KAZI
Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Halmashauri ya tawi imetupa nusu saa tuseme habari za magoti. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa njia, watu wa kokoto na mataruma, na masomo yetu yalikomea shule ya msingi ya misheni. Lakini goti ni chombo cha kazi kama spana na mtaimbo, na mtu asiyejua chombo chake hukiharibu upesi. Haya tutakayosema tumeyauliza kwa madaktari na kwa wale wanaofundisha wagonjwa mazoezi hospitalini, na mengine tumeyasoma wenyewe.

Kwanza jina. Katika magenge yetu kila maumivu ya kiungo huitwa baridi yabisi, na kwa sababu ya jina hilo watu husema kwamba ni baridi ya alfajiri kule Limuru au Timboroa iliyoingia mifupani. Baridi yaweza kumfanya mtu asikie maumivu zaidi, lakini si baridi inayolila goti. Wengine husema mafuta ya goti yamekwisha, basi mgonjwa hutumwa sokoni akanunue bamia na miguu ya ng'ombe. Supu ya miguu ya ng'ombe ni chakula kizuri, nasi twaipenda sana, lakini ikifika tumboni husagwa kama ugali. Haina njia ya kwenda gotini.

Mmekwisha kuchinja mbuzi, wote. Mkikata kwenye kiungo, mwisho wa mfupa mwauona umefunikwa kitu cheupe, laini, chenye kung'aa. Hilo ndilo gegedu. Kazi yake ni kuufanya mfupa uteleze juu ya mfupa mwenziwe bila kukwaruzana. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo ndani ya maji. Sikieni neno hili vizuri, maana ndilo lililotuleta hapa: goti hulishwa kwa mwendo. Mtu anayelificha goti lake chini ya blanketi miezi mitatu kwa kuwa linauma, analinyima chakula.

Ugonjwa tunaousema leo ni ule wa gegedu kulika, mfupa ulio chini yake ukawa mgumu na kuota vichomozo pembeni, na kiungo kizima kikafura mara kwa mara. Dalili zake wengi mwazijua. Goti huuma mtu akipanda ngazi ya injini au akiinuka baada ya kuchuchumaa. Asubuhi huwa gumu, lakini baada ya dakika chache, kwa kawaida chini ya nusu saa, hulegea. Hulia pia likikunjwa. Kama ugumu wa asubuhi wakaa saa nzima, na vidole vya mikono vimevimba pia, huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Na goti likiwa jekundu, la moto, nawe una homa, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali siku ile ile, kwa maana usaha ndani ya kiungo huharibu goti kwa siku chache tu.

Je, kazi yetu ina sehemu katika jambo hili? Ndiyo, inayo. Katika mji wa Framingham, huko Marekani, madaktari waliwafuata wakaaji kwa miaka mingi, na mwaka 1991 wakatoa habari kwamba wanaume waliofanya kazi za kukunja magoti pamoja na kazi nzito walipata ugonjwa huu kama mara mbili ya wengine. Mtu wa genge hupiga magoti juu ya kokoto, hukaza spana, huinuka na mtaimbo, hupiga magoti tena. Mwunga mabehewa huruka kutoka ngazini kwa mguu ule ule mamia ya mara. Goti lililokwisha kuumizwa, hata katika mpira wa miguu, ndilo huwa la kwanza kulika.

Sasa tiba. Watu wengi hudhani kuna njia mbili tu, kisu au kuvumilia. Sivyo. Kisu cha kubadilisha goti kina faida kwa goti lililokwisha kabisa, lakini kabla ya hapo kuna kazi nyingi ya kufanya, na kubwa ni mazoezi.

Mbele ya paja kuna msuli mkubwa. Huo ndio springi ya goti. Behewa lenye springi zilizochoka hugonga kwenye kila kiungio cha reli, na mtu mwenye paja dhaifu vivyo hivyo, kila hatua yagonga gotini. Msuli ukipata nguvu, hupokea mzigo. Zoezi la kwanza: kaa juu ya kiti kigumu, mikono kifuani, simama polepole, kisha kaa polepole bila kujitupa. Mara kumi, pumzika, rudia. La pili: lala chali, kunja mguu mmoja, ule mwingine uunyoshe na kuuinua kiasi cha shubiri moja na nusu, uhesabu hadi tano, ushushe. Na kutembea mahali tambarare, au kupanda baiskeli kwa mwenye nayo. Goti laweza kuuma kidogo wakati wa mazoezi. Hilo halina hatari maadamu kesho yake limetulia. Likiwa bado linauma zaidi kesho yake, punguza, usiache. Faida haiji kwa siku mbili. Hungoja wiki 6 hadi 12, na hapo ndipo wengi huchoka wakarudi dukani kwa vidonge.

Mtu atauliza, je, sindano si rahisi zaidi? Mwaka 2020 madaktari wa hospitali za jeshi la Marekani waliandika habari za wagonjwa 156. Nusu walichomwa sindano ya steroidi gotini, nusu wakapewa mazoezi na kunyoshwa viungo na wataalamu. Mwaka ulipokwisha, wale wa mazoezi walikuwa na maumivu machache na waliweza kufanya mengi zaidi. Tena mwaka 2017 ilitangazwa kwamba watu waliochomwa steroidi kila wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuwashinda hao. Hatusemi sindano ni sumu. Sindano moja yaweza kumtuliza mtu wiki kadhaa goti lake likiwa limevimba vibaya. Twasema asiizoee.

Kuhusu dawa, ya kupaka yenye diklofenaki ndiyo ya kuanzia, kwa sababu sehemu ndogo tu yaingia katika damu. Vidonge vya jamii hiyo vyatuliza, lakini hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha presha, hasa kwa mtu anayevimeza kila siku bila kupimwa. Parasetamoli husaidia kidogo tu. Na ule unga usio na jina unaouzwa ndani ya mabasi na kandokando ya stesheni, uacheni. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimepimwa zikaonekana zimetiwa steroidi kwa siri. Ndiyo maana mtu hupona kwa wiki moja akamsifu mwuzaji, kisha uso ukavimba na sukari ikapanda.

Uzito nao. Watu wa genge wengi wetu hatuna nyama ya kupunguza, lakini makarani na madereva watusamehe: imepimwa kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Hesabuni hatua za siku moja.

Fimbo hushikwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti bovu. Wazee wengi huishika vibaya. Pedi za magoti huilinda ngozi na kile kifuko kilicho mbele ya goti, na twazidai, lakini haziondoi mkunjo wenyewe. Mkunjo huondolewa kwa kupanga kazi: mtu asipige magoti saa tatu mfululizo, wenzake wapokezane naye, na mashine itumike pale ilipo.

Hapa ndipo chama kinapoingia. Tumewaona ndugu wanaoficha maumivu, kwa kuwa wakisema wataandikwa hawafai kwa kazi. Mmoja katika wenzetu alimeza vidonge miaka miwili asijulikane, hata siku aliyotapika damu. Mwajiri wake alishangaa. Sisi hatukushangaa.

Katika nchi nyingine wafanya kazi wamekwisha kulipigania jambo hili wakashinda. Ujerumani tangu mwaka 2009 sheria imelitia goti lililolika katika magonjwa ya kazi, kwa mtu aliyepiga magoti saa 13,000 katika maisha yake ya kazi. Uingereza mwaka ule ule wachimba makaa ya mawe waliofanya kazi chini ya ardhi miaka 10 walipata haki hiyo. Tupige hesabu yetu. Mtu anayepiga magoti saa 3 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hupata saa 750. Saa 13,000 huzitimiza baada ya miaka 17 na zaidi kidogo. Aliyeanza kazi akiwa na miaka 22 hajafika 40.

Hapa Kenya, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 yalipa pia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini lazima ionekane kwamba yametokana na kazi. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri ailinganishe kazi na uwezo wa mfanya kazi, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Basi twawaomba mambo mawili. Kila mmoja awe na daftari ndogo, aandike tarehe, kazi aliyofanya, na saa alizopiga magoti. Nyapara akikubali atie sahihi. Na goti likianza kuuma, liandikwe hospitalini kwamba wewe ni mtu wa njia, si neno "maumivu" peke yake. Mwenye karatasi husikilizwa. Wajumbe wetu katika kamati wapeleke neno la kupokezana zamu kabla ya mkutano ujao.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, twaomba viti vya safu ya mbele viachwe wazi. Kila mwenye goti linalouma na aje akae, mikono kifuani. Tutasimama na kukaa mara kumi, polepole, na Ndugu Katibu atahesabu.