MITAA YA MJI NA KALAMU YA KARANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kayanga)



Jambo tulilolichagua ni tofauti ya hali iliyopo baina ya mitaa ya mji mmoja. Huenda wengine wakasema kuwa hilo ni jambo la Dar es Salaam, wala si la Karagwe na Kyerwa. Twaomba mtusikilize hata mwisho.

Wako wasemao kwamba watu wa kazi mbalimbali wamekaa mbalimbali tangu zamani. Ni kweli. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, Mfalme Rumanyika alikuwa Bweranyange, na wafanya biashara wa Pwani walikuwa na kituo chao Kafuro. Lakini kukaa mbali ni jambo moja, na kunyimwa njia na maji kwa amri ni jambo jingine.

Jambo hili la pili liliingia Dar es Salaam kwa maandishi. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji ule makao makuu ya koloni lao, wakatoa na amri ya ujenzi iliyougawa mji kwa namna za nyumba. Waingereza waliposhika utawala waliendelea na mpango huo: sehemu ya kwanza nyumba za kizungu, ya pili maduka na nyumba za Wahindi, ya tatu nyumba za kienyeji. Amri ilitazama nyumba, wala haikutaja rangi ya mtu. Lakini ni nani aliyeweza kujenga nyumba ya namna ile asipokuwa na mali? Basi watu wakaziita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga wenyeji wa Kariakoo na wenzao.

Uhuru ulikuja mwaka 1961. Rangi ikaondoka, fedha ikakaa mahali pake. Leo twasoma viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Atokaye Masaki kwenda Tandale haambiwi na mtu kwamba amevuka mpaka. Njia pana zimekwisha, vichochoro vimeanza. Mwaka 2002 Serikali ilianza kupima viwanja 20,000 katika mji ule. Kazi ilikuwa njema, lakini maskini wengi hawakuimudu bei.

Sasa turudi kwetu. Kayanga na Omurushaka zinakua. Kadhalika Nkwenda na Isingiro, tangu Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012. Penye lami na ofisi, kiwanja hupanda bei. Kijana wa bodaboda na mama auzaye ndizi husogea mtelemkoni, mahali pasipopimwa. Na pasipopimwa, bomba na barabara huchelewa. Kisha sisi twasema, "Watu wa kule hawana utaratibu."

Nasi tukiri, ndugu zetu. Barua ya mwenye nyumba kubwa, iliyopigwa chapa vizuri, tumeipeleka mbele siku ile ile. Barua ya watu wa mtelemkoni, iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa dole gumba, tumeiweka chini ya nyingine, tukasema, "Watakuja tena." Wako pia miongoni mwetu walionunua viwanja kabla wengine hawajapata habari. Hakuna aliyetuamuru. Kalamu ilikuwa yetu.

Kwa hiyo twaleta mambo matatu mbele ya chama. Kwanza, kila barua iandikwe katika daftari kwa siku iliyofika, ijibiwe kwa zamu yake. Pili, habari za upimaji zibandikwe sokoni kabla ya kunong'onwa ofisini. Tatu, njia na mahali pa maji vitengwe kwanza, na viwanja vidogo viwepo, ndipo bei itajwe.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Dar es Salaam imekwisha kukauka, na kuikunja ni kazi ya gharama nyingi. Miji yetu ingali mbichi, na daftari lake limo mikononi mwetu.